Rudi Alhamisi, Mzee

Mjomba wangu ana mfuko mweusi wa rambo. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, lakini wake umesalimika kwa kuwa hautoki chini ya godoro ila siku ya safari ya hospitali. Ndani mna karatasi nne zilizokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu, picha moja ya vijana saba waliovaa sare zisizowaenea, kitambulisho cha NIDA na kadi ya kliniki. Karatasi moja panya ameila pembeni, palepale penye tarehe. Nyingine imeandikwa jina lake kwa "r" pahala pa "l", kazi ya karani wa kambini aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake na hakuwa na nafasi ya kumuuliza mtu wa Kilwa jina lake lina herufi gani.

Wiki tatu mfululizo nimemsindikiza kwenye dirisha la hospitali moja ya pwani hii. Sitaitaja. Yule binti wa dirishani hakuunda yeye mambo haya, na kumsulubu gazetini ni uonevu. Juu ya dirisha pamebandikwa tangazo lile mnalolijua nyote: mpishe mzee apate huduma kwanza. Na kweli Mjomba hupishwa. Wamempisha wajawazito, wamempisha wenye watoto migongoni, amempisha hata jamaa mmoja aliyefika na kidole kinachovuja damu. Kwa hiyo Mjomba huwa wa kwanza kufika mbele, na wa kwanza kuambiwa kwamba mashine ya picha ni mbovu, daktari wa mifupa hajafika, na dawa ile ya maumivu haipo, akanunue duka la nje. "Rudi Alhamisi, mzee."

Mjomba hushukuru. Husema "ahsante mwanangu", huufunga mfuko wake mafundo matatu, huniegemea bega, tunatoka. Kipande cha chuma kilichomo pajani mwake kimo tangu mapema 1979, njia ya kwendea Masaka. Siku za mvua hukisikia kabla ya wingu kuonekana, na majirani wanaoanika ufuta wamezoea kumuuliza yeye kabla hawajatandika maturubai.

Alhamisi. Nimetazama kalenda: tarehe 2 Novemba 1978 nayo ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya Kagera, akatangaza kwamba mtu huyu tutampiga. Mjomba alikuwa kijana wa miaka 24, mvuvi wa nyavu, aliyepata mafunzo ya mgambo kwa bunduki ya mti. Alipoitwa, hakuna aliyemwambia arudi wiki ijayo. Hakuna aliyemdai cheti cha kuzaliwa, wala barua ya mtendaji wa kijiji, wala picha mbili ndogo zenye mandhari ya bluu. Alitazamwa miguu, akatazamwa meno, akaandikwa kwa hiyo "r", akapandishwa lori. Dola ikitaka kitu chako, herufi moja haijawahi kuwa kikwazo.

Nitasema ninachoamini, na anayekasirika akasirike. Ucheleweshaji huu tunaousingizia umaskini, mashine mbovu na mtandao kukatika ndiyo sera yenyewe. Deni la mzee lina sifa ambayo deni la benki halina: ukilivuta vya kutosha, mwenyewe anakufa nalo. Hakuna waziri aliyelazimika kusimama bungeni kusema "hatuwalipi". Inatosha kusema Alhamisi, kisha Alhamisi nyingine, na hesabu inajifunga yenyewe makaburini.

Mchezo huu hatukuubuni sisi. Tumeurithi, na tumeurithi hapahapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza milima ya Kibata, iliyo ndani ya wilaya yetu ya Kilwa, ilipiganiwa vikali kuanzia Desemba 1916 hadi mwanzo wa 1917; Oktoba 1917 wakauana tena huko Mahiwa, kusini zaidi, mpaka mashamba yakanuka. Risasi walirusha askari. Mizigo waliibeba wapagazi, na katika uwanja wote wa vita wa Afrika Mashariki Mwingereza peke yake alichukua zaidi ya milioni moja. Kadiri ya 95,000 miongoni mwao hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara, homa na njaa. Waliokuwa na mishahara ambayo haikuchukuliwa waliandikwa kwenye daftari, daftari likapelekwa London, na London ikabishana na magavana wake kwa miaka mingi nani aishike hela ile, hadi waliokuwa wakidai wakaacha kudai kwa sababu moja tu mnayoijua. Dar es Salaam ikapata sanamu ya Askari mwaka 1927 na soko lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wale, Kariakoo. Shaba ni rahisi. Haiombi dawa.

Vita ya Pili ikaja, wazee wetu wakachukuliwa na KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wakaenda Uhabeshi, Madagaska na Burma. Septemba 2018 serikali ya Uingereza ikatangaza kwa fahari pauni milioni 12 ili maveterani wa nchi za Jumuiya ya Madola waliobaki katika ufukara wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, miaka 73 baada ya vita kwisha! Mtu aliyekuwa na miaka 20 vita ilipokwisha alikuwa na 93 alipoletewa chakula cha mchana. Nani alibaki kukila?

Mjerumani ana kisa chake, na hiki nakipenda. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa huku katika Vita ya Kwanza, malimbikizo ya mishahara yao, ofisa wa benki alikwenda Mwanza akakuta wazee mamia wamekusanyika. Wenye hati walikuwa wachache mno. Wengine walishika kipande cha koti, wengine hawakushika kitu. Yule bwana hakumwambia mtu arudi Alhamisi. Alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani: begani, mguuni, toa heshima. Inasemekana hakukosea hata mmoja.

Mwezi uliopita nilimsimulia Mjomba habari hiyo barazani. Hakucheka. Alinyoosha mkono akauchukua ufagio wa chelewa uliokuwa umeegemea mlango, akasimama kwa shida kama mtu anayejitoa kwenye matope, akauweka begani. Kisha akaushusha, akageuka nusu upande, akasimama wima. Yule mzee ambaye hawezi kupanda ngazi tatu za msikiti bila kushikwa alisimama wima, kidevu juu, na mkono wake haukutikisika. Mpwa wangu wa darasa la nne akapiga makofi. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta chaja ya simu.

Haya, niambieni karatasi gani inashinda ushahidi ule.

Najua jibu la ofisini. Nimelisikia mara nyingi hata naweza kulitamka na mikwaruzo yake ya koo: "Ndugu mwandishi, mgambo hakuwa mwajiriwa. Pensheni ni haki ya aliyeajiriwa." Sawa. Kisheria mmenibana. Aliyeajiriwa ana kiinua mgongo chake na pensheni ya Hazina, ambayo kima chake cha chini kilipandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 50,114 hadi 100,125 kwa mwezi, kikakaa hapohapo miaka na miaka huku bei ya mchele ikipanda mnazi. Huyo naye msimwonee gere. Askari mstaafu anayeishi Pande au Kipatimu anaitwa kwenye uhakiki athibitishe kwamba hajafa, na akiugua sawasawa anaambiwa hospitali kuu ya jeshi ipo Lugalo. Lugalo ni Dar es Salaam. Lakini angalau jina lake limo kwenye daftari la mtu fulani. Mgambo hamo. Makumi ya maelfu ya mgambo walivuka Kagera bega kwa bega na JWTZ, Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na waliporejea wakaambiwa kama taifa zima lilivyoambiwa: tufunge mikanda miezi 18. Mjomba alifunga. Mpaka leo hajapata tangazo la kuifungua.

Risasi hazikuuliza nani mwajiriwa na nani wa kujitolea.

Kuna wanaonijibu kwa upole zaidi, na hawa ndio wananisumbua, maana wana hoja. Wanasema: mzee ni mzee. Bibi yako aliyelima mhogo na ufuta maisha yake yote kiuno kimemkatika, na yeye hakuvuka Kagera. Kwa nini mmoja apewe zaidi? Tangu Sera ya Wazee ya 2003, nchi yetu imesema mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Subirini, wote mtafikiwa.

Bibi apewe. Apewe leo, na dawa iwepo kweli, siyo dirisha lenye tangazo zuri na rafu tupu. Lakini tusichanganye sadaka na deni. Bibi anatibiwa kwa sababu ni binadamu na sisi tunajiita watu. Mjomba anadai hilohilo, na juu yake anadai kitu kingine: kile chuma si maradhi aliyoyapata kwenye shughuli zake za uvuvi. Dola ilimtuma mahali, akarudi na mali ya dola pajani. Aliyekutuma sokoni ukavunjika mguu hakwambii upange foleni na wapita njia.

Sasa tazameni majirani, tena majirani tuliowalea sisi. Nachingwea, mkoani kwetu humu Lindi, ndiko FRELIMO ilikokuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo. Wapiganaji wa Samora Machel walikula mihogo yetu na kunywa maji ya visima vyetu. Leo Msumbiji ina Wizara ya Wapiganaji na sheria ya mwaka 2011 inayoorodhesha haki zao. Afrika Kusini, ambao vijana wao wa Umkhonto we Sizwe tuliwahifadhi Kongwa, nao wana sheria ya maveterani ya mwaka huohuo 2011, na sheria hiyo haikusema "ninyi hamkuwa waajiriwa". Iliwatambua wapiganaji wa msituni sawa na askari wa serikali. Kenya ilitunga ya kwake 2022. Sisi tuliowapa wenzetu uwanja wa kujifunzia shabaha, mpiganaji wetu tunamtambua kwa tangazo la dirishani.

Sidai kwamba kwa wenzetu ni peponi. Marekani yenye wizara nzima ya maveterani ilifumwa 2014 na orodha za siri za wanaosubiri matibabu huko Phoenix. Wagonjwa walikufa wakiwa foleni, waziri Eric Shinseki akajiuzulu. Ila angalieni walichofanya baadaye: ndani ya mwaka huohuo wakatunga sheria kwamba veterani anayesubiri zaidi ya siku 30, au anayekaa zaidi ya maili 40 kutoka kituo chake, aruhusiwe kutibiwa kwa daktari mwingine wa karibu na serikali ilipe. Yaani waliupa ucheleweshaji kipimo. Siku 30, basi. Mimi nataka mtu aniambie Alhamisi yetu ina siku ngapi.

Na huko Pretoria, tarehe 14 Oktoba 2021, wapiganaji wa zamani waliochoka kuahidiwa waliwazuia mawaziri ndani ya hoteli mpaka polisi wakaja kuwatoa. Ilikuwa Alhamisi, jamani, na kwetu ilikuwa siku ya kumkumbuka Mwalimu. Sichochei. Wazee wetu wa Kilwa hawana hata nauli ya kufika ilipo hoteli ya waziri.

Maana umbali nao ni adhabu ya peke yake. Toka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tukilala kwenye kivuko cha Rufiji. Daraja likaja, tukabaki na zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ambazo watu walizeeka wakiziombea lami. Lami nayo ikaja. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zikaing'oa barabara hukohuko Somanga, na mabasi yakapanga foleni pande mbili za korongo. Mwenye rufaa ya Muhimbili aliyekuwa kwenye basi la upande wa kusini alifanyaje? Alikunja karatasi yake ya rufaa, akanunua mhogo wa kuchoma, akangoja. Na chini ya ardhi na bahari hiihii, tangu 2004, gesi ya Songosongo imekuwa ikisafiri kwenda Dar es Salaam bila kukwama hata korongo moja, ikazalishe umeme unaowasha taa za wodi ambazo mwenye gesi hazifikii. Bomba halina kwikwi. Kumbe tukitaka kitu kifike, tunajua namna ya kukifikisha.

Nitaambiwa tunawaenzi mashujaa. Tunawaenzi, ndiyo. Kila tarehe 25 Julai mashada yanawekwa, mkuki na ngao vinawekwa, tarumbeta inapigwa. Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, na makaburi yao yanapakwa chokaa. Hapa Kivinje pana mnara pale penye Mwembe Kinyonga, mti ambao Mjerumani aliwanyongea wazee wetu, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mimi mwenyewe nimewapeleka wageni pale nikasimama kimya. Sina ugomvi na minara. Ugomvi wangu ni kwamba katika pwani hii shujaa anaanza kuhudumiwa baada ya kuacha kupumua: akifa, ghafla gari linapatikana, mafuta yanapatikana, kiongozi wa kusoma wasifu anapatikana, na ule wasifu hauna "r" wala "l", una jina lake kamili. Siku ya mazishi ndiyo siku pekee ambayo hawajawahi kuisogeza mpaka Alhamisi.

Basi nisiwe wa kulalama tu. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa JWTZ kabisa, mwenye ofisi na bendera. Mpeni daftari na pikipiki. Aanze Somanga, aje Tingi, Kivinje, Masoko, aende Njinjo, Kipatimu, Chumo, amalizie Pande. Akae barazani siku mbili kila kata. Awaite wazee waliovuka Kagera, mwenye karatasi na asiye nayo. Mnaogopa wadanganyifu? Wakalisheni pamoja. Watu saba waliolala handaki moja hawahitaji alama za vidole kujua wa nane ni mwongo. Mwulizeni tu mpishi wa kikosi alikuwa anaitwa nani na ugali wake ulikuwaje, mtaona. Na mkishindwa kabisa, ufagio wa chelewa ni rahisi, Kilwa nzima minazi imejaa.

Kisha kila aliyeandikwa apewe kadi moja ambayo hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa pale Lindi na ile ya kanda kule Mtwara zitaiheshimu, na bili iende Wizara ya Ulinzi, siyo kwa mtoto wake anayeuza pweza. Dawa ikikosekana dirishani, kadi hiyo ikubalike duka la nje. Iwekwe na siku za kungoja zilizohesabiwa, na zikipita, awepo mtu mwenye cheo anayeandika barua kujieleza. Mtasema ni gharama. Fanyeni hesabu basi: aliyekuwa na miaka 20 au zaidi mwaka 1978 mwaka huu anakaribia 70 au ameshaipita. Hawa si wengi tena. Ndiyo deni pekee la taifa linalopungua bila kulipwa hata senti, na hilo ndilo linalonitia shaka kwamba kuna mahali mtu amekwishaifanya hesabu hii kabla yangu, akaridhika nayo.

Wale vijana saba kwenye picha nimewahi kumuuliza. Aliwataja mmojammoja kwa kidole, kama mtu anayehesabu madau yaliyorudi. Huyu aliachwa Uganda. Huyu kipindupindu, hapahapa kijijini. Huyu sukari, walimkata mguu, akafariki wakiwa wanachangisha wa pili. Wawili hajui. Aliyesimama kulia yupo Lindi mjini, haoni. Wa saba ni yeye mwenyewe, na kofia yake imekaa upande.

Naandika haya Jumatano usiku. Mfuko mweusi umeshatolewa chini ya godoro, umewekwa juu ya kiti karibu na mlango. Mjomba amenituma nimtafutie bodaboda wa saa kumi na moja alfajiri, siyo yule wa jana anayerukia mashimo. Yule mwingine, mtaratibu, anayejua kwamba mguu wa kushoto haukunjiki.